SOMO: Jinsi ya kusoma karatasi ya majibu ya damu ukiambiwa una homa ya ini C

Mbukwenyi wapendwa. Somo la leo nilikuwa nadaiwa siku nyingi. Nafanya kazi maabara hapa Dodoma, na mjomba wangu wa Mpwapwa ndiye aliyenifundisha kwamba kutoa majibu bila maelezo ni kumuumiza mtu. Alikwenda kumchangia damu shangazi aliyekuwa anasubiri upasuaji. Damu ya kuchangia hupimwa VVU, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Akaambiwa ana C, akapewa karatasi, basi. Alirudi nyumbani akaanza kugawa mbuzi zake. Wiki tatu nzima hakumwambia mtu.

Kwa hiyo shika karatasi yako twende taratibu.

Hatua ya 1. Tafuta mstari wa kingamwili (anti-HCV), yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kirusi cha C.
Hiki ndicho kile kipimo cha haraka cha tone la damu. Kikiwa chanya maana yake ni kwamba kirusi kiliwahi kuingia mwilini mwako. Hakisemi kama bado kipo. Katika kila watu 10 walioambukizwa, kama 3 hivi mwili wao hukifukuza wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa, lakini kingamwili hubaki. Ukiishia hapa hujapata jibu bado, una swali tu.

Hatua ya 2. Dai kipimo cha kirusi chenyewe (HCV RNA).
Hapa ndipo jibu lilipo. Kirusi kisipoonekana, huna maambukizi kwa sasa. Kikionekana, utaandikiwa namba, na namba hiyo ndiyo inayotisha watu bure. Mjomba alikuwa na zaidi ya milioni moja kwa mililita, akadhani ini limeoza. Hapana! Wingi wa virusi hauoneshi ini limeumia kiasi gani. Mwenye milioni tano anaweza kuwa na ini zima, na mwenye elfu hamsini akawa na kovu kubwa.

Hatua ya 3. ALT na AST.
Hivi ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini. Seli ikiumia, vinavuja kwenye damu. Maabara nyingi huweka kikomo karibu na 40, lakini soma kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi yako, usitumie cha jirani. Namba hizi hupanda na kushuka. Pombe huzipandisha, baadhi ya dawa za miti shamba pia. Tena ALT ya kawaida haimaanishi uko salama.

Hatua ya 4. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Hapa naomba mtulie.
Watu huruka mstari huu kwa sababu uko kwenye karatasi nyingine, ile ya picha kamili ya damu. Kawaida ni 150 hadi 450. Ini likijaa makovu, damu inapita kwa shida, bandama inavimba na kuzizuia chembe sahani ndani yake. Ndiyo maana zikishuka tunaliangalia ini kwa jicho kali.

Kuna hesabu ndogo iitwayo APRI, unaweza kuifanya kwa simu: gawa AST yako kwa kikomo chake, gawa tena kwa chembe sahani, kisha zidisha kwa 100. Tuchukue watu wawili, wote AST ni 90 na kikomo ni 40. Wa kwanza ana chembe sahani 300: anapata 0.75. Wa pili ana 100: anapata 2.25. AST ni ile ile, hali mbili tofauti kabisa. Chini ya 0.5 kovu kubwa si rahisi kuwepo; juu ya 2 daktari atashuku ini limesinyaa, na ataagiza altrasaundi. Hesabu hii inakuongoza tu, haitoi hukumu.

Hatua ya 5. Albumini (protini inayotengenezwa na ini), bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa) na INR (kipimo cha damu inavyochukua muda kuganda).
Hizi zinaonesha ini bado linafanya kazi yake au limechoka. Albumini ikiwa chini, au bilirubini na INR zikiwa juu, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Nenda mapema.

Na kabla ya dawa, hakikisha umepimwa homa ya ini B. Dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyolala.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama wa Chang'ombe:* Nilichanjwa homa ya ini, imekuwaje nikapata?
Pole mama yangu. Chanjo uliyopata ni ya B. C haina chanjo. Ila C ina dawa: vidonge, mara nyingi kwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 kwa 100 wanapona kabisa.

*Kijana wa Bahi:* Nimwekee mke wangu sahani yake?
Usifanye hivyo, ndugu yangu. Haiambukizwi kwa chakula, kikombe wala kukumbatiana. Inapita kwenye damu. Wembe, mashine ya kunyolea na mswaki, hivyo kila mtu awe na chake.

*Mzee wa Kongwa:* Shikamoo mtaalamu… nimeacha pombe, kuna kingine?
Shikamoo siipokei kwako mzee wangu, shikamoo wewe. Umefanya vema sana. Angalia na mahindi. Sisi wa Dodoma na Manyara tulizika watu mwaka 2016 kwa sumukuvu, na sumu hiyo hushambulia ini. Yakiota ukungu, usile wala usiyasage yakachanganywa na mazuri.

*Dada wa Kondoa:* Nilipona mwaka jana, lakini kipimo cha haraka bado chanya. Imerudi?
Kingamwili hubaki miaka mingi, dada. Kwako kipimo hicho hakina maana tena. Omba cha RNA tu. Ila kupona hakukukingi, unaweza kuambukizwa upya.

*Mama wa Chang'ombe:* Mdogo wangu kamaliza vidonge tarehe 3 Mei. Apime lini?
Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, yaani tarehe 26 Julai. Akipima sasa kirusi kisionekane, bado hatuwezi kusema amepona. Mjomba aliizungushia siku yake kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Mbuzi aliokuwa amewagawa, ndugu walimrudishia wote.