Somo: Umefuta rekodi za mauzo kwenye MySQL? Ondoa mikono kwanza

Wakuu, juzi kijana wa duka moja la spea Kariakoo alinipigia saa mbili usiku, sauti imemkauka. Alitaka kufuta ankara moja iliyokosewa. Akaandika DELETE FROM mauzo. Akabonyeza Enter, WHERE (inayotaja rekodi ipi ifutwe) haijaandikwa. Skrini ikamjibu: Query OK, 11482 rows affected. Mauzo ya miezi saba hayo.

Saa saba usiku zote zilikuwa zimerudi, na si kwa ujanja wangu. Alipoiona ile namba aliacha kugusa kitu. Wengi wanaoniletea kompyuta wakiwa wameshachelewa, data haikuwapotea walipofuta. Iliwapotea walipoanza kuhangaika: wamesakinisha XAMPP (kifurushi cha seva na kanzidata pamoja) upya, wamepakua programu tatu za kurejesha mafaili, na duka linaendelea kuuza.

Hatua ya 1: Simamisha uandishi
Dirisha lililotumika kufuta bado liko wazi? Kama kazi ilianza na START TRANSACTION na COMMIT haijaandikwa, andika ROLLBACK, inayotengua yote, ukalale. Vinginevyo wauzaji warudi kwenye kitabu cha risiti, nawe simamisha huduma ya MySQL. InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi majedwali, ikifuta rekodi huipiga alama tu kwanza, kisha huisafisha na nafasi yake hupewa rekodi nyingine. Risiti mpya inaweza kuikalia ile unayoitafuta.

Hatua ya 2: Nakili folda nzima ya data
Kwenye XAMPP ni C:\xampp\mysql\data, kwenye Ubuntu ni /var/lib/mysql. Nimesema nzima. Watu hunakili folda yenye jina la duka tu na kuacha faili la ibdata1 lililo nje yake, halafu wanashangaa majedwali hayafunguki. Weka nakala kwenye diski ya nje, usiifanyie kazi.

Hatua ya 3: Tafuta logi
Logi hii (binlog) ni daftari ambamo MySQL huandika kila badiliko la data. Washa MySQL bila programu ya mauzo, andika SHOW BINARY LOGS, uone. MySQL 8.0 huwasha logi hii yenyewe na kuitunza siku 30. XAMPP ya siku hizi ndani yake ni MariaDB, tawi la MySQL, na huko logi imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe. Hapa ndipo wengi huangua kilio.

Ikiwepo, isome:

mysqlbinlog --base64-output=DECODE-ROWS -v binlog.000042 > soma.txt

Ndani utakuta vitu kama hivi:

### DELETE FROM `duka`.`mauzo`
### WHERE
###   @1=10233
###   @2='Bearing 6204'
###   @3=18500

Hiyo ndiyo rekodi yako, mzima mzima: @1 ni safu wima ya kwanza ya jedwali, @2 ya pili, na kuendelea. Panda juu mpaka penye BEGIN ya muamala huo, chukua namba iliyoandikwa "# at" juu yake. Tuseme ni 88213.

Hatua ya 4: Jenga upya kwenye kompyuta nyingine
Rejesha bakapu ya mwisho huko, kisha cheza logi tangu bakapu ilipoishia mpaka kabla ya ajali:

mysqlbinlog --start-position=157 --stop-position=88213 binlog.000042 | mysql -u root -p

Namba ya kuanzia imo juu kabisa ya faili la bakapu, kama uliichukua kwa --source-data=2. Logi zikiwa zaidi ya moja, zitaje zote kwa mpangilio katika amri hiyo hiyo. Na usifanye hivi kwenye seva ya duka, maana logi huandika kwenye kanzidata yenye jina lile lile.

Hatua ya 5: Rudisha
Toa jedwali hilo kwa mysqldump, zana ya MySQL ya kutoa nakala, yenye --no-create-info na --insert-ignore, uliingize dukani. Linganisha idadi na jumla ya fedha kabla ya kuwaita wauzaji.

Kinga sasa. Bakapu kila usiku kwa mysqldump --single-transaction, nakala moja ikae nje ya jengo. Programu ya mauzo isiingie kwa root, akaunti yenye ruhusa zote. Mwenyewe ukiingia kwa mkono, tumia --safe-updates, inayokataa DELETE isiyo na WHERE. Jina lake la pili, waliolitunga walikuwa na utani, ni --i-am-a-dummy. Kwangu ipo muda wote na sioni haya.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mimi ni XAMPP, sina logi wala bakapu. Ndiyo basi?*
Kuna zana inaitwa undrop-for-innodb, husoma kurasa za faili moja moja ikitafuta rekodi zilizopigwa alama. Ijaribu kwenye nakala ya hatua ya 2, bila kuahidi mtu kitu. Huku ukikusanya ripoti za Z za mashine ya EFD, taarifa ya Lipa Namba na ankara ulizowatumia wateja WhatsApp. Utapata jumla za siku, bidhaa moja moja itakuwa shughuli.

*Sisi ilikuwa TRUNCATE, tukaendelea kuuza. Risiti zimeanza tena namba 1.*
Hapo hatua ya 5 itakudanganya. TRUNCATE, amri ya kumwaga jedwali zima, hurudisha namba mwanzo, kwa hiyo INSERT IGNORE itakuta, tuseme, namba 1 mpaka 60 zina wenyewe na kuziruka za zamani kimya kimya. Ongeza kwanza 100000 kwenye namba za risiti mpya, pamoja na jedwali la bidhaa zinazozitegemea, ndipo uingize za zamani. Na kwenye logi TRUNCATE ni mstari mmoja tu, rekodi hazimo, hivyo bila bakapu hatua ya 4 inategemea logi za tangu siku ya kwanza.

*Diski ya bakapu ipo imechomekwa masaa yote. Inatosha?*
Virusi vya kudai fidia vikiingia vitaifunga nayo. Na uliwahi kurejesha kutoka humo? GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, walifuta kanzidata ya seva isiyo yenyewe tarehe 31 Januari 2017, wakakuta bakapu zao za pg_dump (zana kama mysqldump) zilikuwa zikishindwa kimya kimya kwa sababu ya toleo lisilolingana. Walipoteza data ya takriban saa 6. Wale ni watu wa kazi hiyo.

*Mhasibu wetu lazima afute ankara zilizokosewa. Nikimnyima DELETE?*
Ongeza safu wima mbili, imefutwa_lini na imefutwa_na, kitufe chake cha kufuta kiandike humo badala ya DELETE. Kisha pitia ripoti zote zisome zile tu ambazo imefutwa_lini IS NULL, yaani iko tupu. Ukisahau hata ripoti moja, mwisho wa mwezi jumla haitalingana na atakuja mezani kwako na kikokotoo.