Kupanga bidhaa kwa kadi kwenye wavuti: tutumie duka la dagaa wa Kigoma

Ukimtengenezea mtu wa Kibirizi au Mwanga pale Kigoma wavuti ya kuuzia dagaa, migebuka, mawese na vitenge, jua kabisa wateja wake wengi wataifungua kwa simu, tena bando wanalibana, na kichwani wana maswali matatu tu: ni nini, shingapi, naipataje. Kadi inajibu yote matatu kwenye kiboksi kimoja, na ndo maana mpangilio huu umeshika sana tangu Pinterest wauzoeshe watu, alafu Google wakaja na Material Design, mwongozo wao wa kupanga kurasa na app, mwaka 2014.

Hatua ya 1: anza na karatasi

Andika kadi inabeba nini. Kwa dagaa ni picha, jina, bei ya kilo na batani ya kuagiza, basi. Habari za usafiri, namna ya kuwapika, wameanikwa wapi, hizo zote peleka ukurasa wa ndani. Jina liwe la kueleweka, "Dagaa wakavu, kilo 1", sio "Bidhaa 01", maana mteja hanunui namba.

Hatua ya 2: gridi

Kadi zote ziweke ndani ya boksi moja, lipe class ya duka, alafu kwenye CSS (sehemu ya kupanga muonekano wa ukurasa) andika hivi:

```
.duka {
  display: grid;
  gap: 16px;
  grid-template-columns: repeat(auto-fill, minmax(220px, 1fr));
}
```

Hapo umeiambia brauza kadi isipungue upana wa 220px, nafasi ikibaki iongeze nyingine pembeni. Kwenye simu ya 360px itakaa moja moja, kwenye laptop ya 1280px zinakaa tano kwa mstari, na hujaandika sheria yoyote ya ukubwa wa skrini. Ukitaka mbili mbili kwenye simu shusha iwe 150px. Brauza kubwa zote zinaielewa gridi tangu 2017 kwa hiyo usiogope. Ila usiweke auto-fit badala ya auto-fill kama duka lina bidhaa moja au mbili, kadi zitavutika mpaka zijaze skrini yote na inakuwa mbaya kweli.

Hatua ya 3: picha, hapa ndo kwenye kazi

Picha za muuzaji zinakuja kwa simu, moja imesimama, nyingine imelala, ukiziacha hivohivo kadi zinapanda na kushuka. Kwa picha zote weka width: 100%, aspect-ratio: 4 / 3 na object-fit: cover, yaani picha ijaze kiboksi na inayozidi ikatwe. Dagaa hawana shida, ukikata pembeni ya fungu bado ni dagaa, na kitenge hata kikikatwa maua yanaonekana. Shida ni mgebuka. Yule samaki ni mrefu, akipigwa picha ya kusimama cover inamla kichwa na mkia, mteja anabaki anaangalia tumbo tu, kwa hiyo mwambie muuzaji alaze simu na aache nafasi pande zote, ikishindikana hiyo picha ipe contain, yaani ionekane nzima bila kukatwa, na rangi nyepesi nyuma yake.

Alafu punguza uzito jamani! Picha ya simu inafika MB kadhaa wakati kadi inahitaji upana wa kama 600px tu, ihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, na zile za chini ya ukurasa wape loading="lazy", zipakuliwe mteja akizikaribia tu. Za juu kabisa usiwape, zitachelewa kutokea. Kwenye alt, yale maneno yanayosimama badala ya picha, andika kinachoonekana, mfano "mgebuka mkavu juu ya meza".

Hatua ya 4: batani zikae mstari mmoja

Kadi ipe display: flex na flex-direction: column, batani ipe margin-top: auto, itashuka chini yenyewe hata majina yakipishana urefu. Kimo cha batani kisipungue 44px ili kidole kiipate. Maandishi ya kijivu mpauko juu ya nyeupe achana nayo, mtu akisimama mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, juani haoni bei, uwiano wa rangi ya maandishi na ya nyuma yake uwe angalau 4.5 kwa 1.

Hatua ya 5: pasipofaa kadi

Bei za jumla, yaani kilo 10, kilo 50, gunia, weka jedwali. Mtu anayelinganisha namba anataka azione zimepangana juu na chini, ukimtawanyia kwenye kadi unamchosha.

Kabla hujamkabidhi mwenye duka jaribu jina refu sana, bidhaa isiyo na picha, na duka lenye kadi moja tu, na ujaribie kwenye simu ya bei ya kawaida.