Somo: Thamani za awali na vitufe kwenye fomu za HTML

Wakuu, swali la "mbona fomu yangu inajituma yenyewe" nimelijibu humu vipande vipande hadi nimechoka. Naliweka lote hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye uzi huu.

1. Kisanduku cha maandishi: thamani ya awali inakaa kwenye value. Placeholder ni kidokezo tu, haifiki kwenye seva.

2. Textarea (kisanduku cha mistari mingi) haina value. Maandishi yanakaa kati ya tagi zake mbili.

3. Select (orodha ya kuchagua): weka selected kwenye chaguo unalotaka. Usipoweka, kivinjari kinachukua la kwanza, ndiyo maana unakuta wateja wako wote wanatoka Arusha. Chaguo la kwanza liwe "Chagua mkoa" lenye value tupu, kisha select ipewe required (lazima ijazwe).

4. Checkbox (kisanduku cha tiki): weka checked ukitaka kianze na tiki. Ukiandika checked="false" tiki itakuwepo vilevile. Isiyo na tiki haitumi kitu chochote, kwa hiyo seva isisubiri "hapana".

5. Vitufe. Hapa soma polepole.

Kitufe cha <button> kilicho ndani ya fomu bila type ni kitufe cha kutuma. "Ongeza mstari" na "Onyesha nywila" lazima viwe na type="button". Zoea kuandika type kila mara.

Hatari kubwa ni Enter. Mtu akiibonyeza akiwa ndani ya kisanduku, kivinjari kinatumia kitufe cha kutuma kilichotangulia kwenye kodi (code) yako. Niliwahi kutengeneza fomu ya wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, "Futa" ikatangulia "Hifadhi". Mhasibu akasahihisha namba ya simu, akabonyeza Enter, mwanachama akafutika. Kuvipanga upya kwa CSS hakusaidii, kinachohesabika ni mpangilio wa kodi. Tanguliza Hifadhi. Futa ipewe fomu yake peke yake, na seva iombe uthibitisho kabla ya kufuta.

6. type="reset" haifuti visanduku, inavirudisha kwenye thamani za awali. Mimi siiweki kabisa, watu wanaigusa kwa bahati mbaya na kupoteza walichojaza.

MASWALI

– Mkuu nimejaribu haifanyi kazi, msaada.
Bandika kodi.

– Nimeweka type kama ulivyosema, bado inatuma: <button type="buton">
Umekosa t moja. Thamani isiyojulikana inahesabiwa kama submit. Soma ulichoandika kabla ya kusema somo lina kosa.

– Nina vitufe viwili, "Hifadhi rasimu" na "Tuma maombi". Seva itajuaje kipi kimebonyezwa?
Swali zuri sana. Vipe vyote name="kitendo", kimoja value="rasimu", kingine value="tuma". Kinachokwenda ni kile kilichobonyezwa tu. Cha rasimu kiongezee formnovalidate, mtu aweze kuhifadhi hata kama hajamaliza kujaza. Ukituma kwa JavaScript, form.submit() inaruka ukaguzi wa required na haibebi jina la kitufe. Tumia requestSubmit(kitufe).

– Namba ya uanachama nimeiweka disabled, seva haiioni.
Disabled haitumwi. Tumia readonly (inasomeka tu, ila inatumwa). Lakini mtumiaji mjanja anaweza kuibadilisha, kwa hiyo seva isiiamini, ihakiki yenyewe.

– Nabadilisha selected kwenye kodi, nikirefresh Firefox bado inaonyesha chaguo la zamani.
Inakumbuka ulichochagua mwanzo. Weka autocomplete="off" kwenye fomu.

– Nje ya mada kidogo: mtu wa Mang'ula akihariri taarifa zake, kisanduku kinaonyesha "Mang" tu.
Si nje ya mada hata kidogo, hii inawakuta wengi wetu wenye majina ya ng'. Umefunga value kwa alama moja ya nukuu, sasa ile ya ng' inaifunga mapema. Tumia nukuu mbili, na upitishe thamani kwenye htmlspecialchars, ile function ya PHP inayogeuza alama maalumu zisivuruge HTML. Kama PHP yako ni ya kabla ya 8.1, ongeza ENT_QUOTES, maana huko alama moja ilikuwa haiguswi.