Jinsi ya kuitambua derringer kuukuu ya urithi

Derringer ni bastola ndogo ya mfukoni. Kabla ya kutafuta jina la mtengenezaji, ichukulie bastola hiyo kuwa ina risasi. Zipo zilizofungiwa kabatini zikiwa zimejazwa na zikarithiwa hivyohivyo. Mdomo wa mtutu uelekezwe mahali salama, kidole kikae mbali na kifyatulio.

Kama ni ya kushindiliwa kwa mdomoni, mtindo wa gobore, hakikisha kwanza haina fataki, yaani kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti. Kisha penyeza kijiti chembamba cha mbao taratibu mpaka kigote, bila kuweka uso wala kiganja mbele ya mdomo. Tia alama kwenye kijiti usawa wa mdomo, kitoe, ukilaze nje sambamba na mtutu. Ncha yake inatakiwa kufika karibu na kile kichomozo kinachovikwa fataki. Ikiishia sentimita moja au zaidi kabla ya hapo, huenda baruti na risasi bado zimo. Usichokoe, kazi hiyo ni ya fundi bunduki.

Jambo la pili: usiisugue. Msasa, brashi ya waya na dawa za kutoa kutu hula maandishi machache yaliyobaki, na hakuna namna ya kuyarudisha. Mafuta mepesi ya bunduki na kitambaa laini vinatosha. Kusoma chapa iliyofifia, zima taa, mulika tochi kwa kuilaza karibu na chuma ili kivuli kijaze mikato, au paka unga wa chaki na ufute juu juu.

Hata hivyo, anza na jinsi inavyofunguka. Herufi hufutika, lakini muundo haufutiki.

Mtutu mmoja usiofunguka, nyundo ikiwa ubavuni, hukuelekeza kwa Henry Deringer wa Philadelphia, aliyetengeneza aina ya bastola ambayo John Wilkes Booth alimpigia Rais Lincoln mwaka 1865. Chapa yake ni DERINGER PHILADELA, yenye R moja kabla ya I. Ukiona R mbili, hiyo si yake. Lakini R moja pekee haithibitishi kitu, kwa kuwa waigaji walinakili hata chapa. Maneno BLACK POWDER ONLY ni alama ya nakala za kisasa.

Mitutu minne inayoteleza kwenda mbele ni ya Christian Sharps. Tafuta maneno ya hataza ya 1859. Mtutu mmoja unaozunguka kwenda pembeni, wa risasi ya .41 (kipenyo cha inchi 0.41), mara nyingi ni Colt ya muundo wa Thuer, iliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1870 hadi 1912.

Mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, inayoinuka kwa bawaba ya juu baada ya kugeuza komeo la upande wa kulia: huo ni muundo wa Remington. Ilitengenezwa kuanzia 1866 hadi 1935, takriban 150,000, kwa risasi ya .41, mitutu ikiwa na inchi 3. Wengi hukimbilia namba za kiwandani, nazo hazisaidii sana hapa, kwani kiwanda kilianza kuhesabu upya zaidi ya mara moja. Soma anwani iliyo juu ya mitutu. E. REMINGTON & SONS ni ya kabla ya 1888. REMINGTON ARMS CO. inaanzia 1888 na kuingia karne ya 20. REMINGTON ARMS-U.M.C. ni ya mwisho kabisa.

Anwani hiyo ina uzito kisheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 huhesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla. Chapa ya kwanza iko ndani ya mpaka huo, ya U.M.C. iko nje, na ya katikati inahitaji mtaalamu. Majimbo nayo yana masharti yake, kwa hiyo uliza kabla ya kuiuza au kuivusha mpaka.

Mwisho kagua masikio mawili ya bawaba kwa kioo cha kukuzia. Ndiyo sehemu dhaifu ya Remington, hupasuka kwa kufunguliwa kwa nguvu na kwa kupigwa risasi, na ufa huo hushusha thamani sana. Hata isipokuwa na ufa, usiifyatue, wala usiachie nyundo ipige patupu.