Namna ya Kuchagua Fani ya Pili ya Biashara Chuoni

Mwanafunzi wa Mwanza anayesoma mawasiliano ya umma, sosholojia au sayansi ya uvuvi husikia mapema kwamba aongeze masomo ya biashara, lakini ni nadra kuelezwa ni yapi. Mimi nilichukua masoko kwa sababu ambayo sijivunii, nayo ni kwamba hesabu zake zilikuwa chache. Nilipokwenda mafunzo kwa vitendo, wenzangu waliosoma uhasibu wakakabidhiwa vitabu vya mapato na matumizi, nami nikakabidhiwa vipeperushi vya kugawa stendi.

Kabla ya kufungua orodha ya kozi, nenda soko la Mwaloni, Kirumba, asubuhi, ukae karibu na mfanyabiashara wa dagaa. Magunia yake yametoka visiwani kwa boti. Amelipa nauli, wapakuzi na ushuru, na dagaa wa gunia moja walinyeshewa wakiwa bado wameanikwa mchangani, kwa hiyo gunia hilo litauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Jioni atahesabu noti na kusema amepata faida, ingawa hilo gunia lililoharibika na siku zake mbili za safari hakuziandika popote. Sasa jiulize ni wapi katika safari hiyo akili yako ilisimama. Ikiwa ni kwenye hesabu isiyoandikwa, soma uhasibu. Ikiwa ni kwenye namna mzigo ulivyofika, ununuzi na ugavi unakufaa, na ikiwa ulitamani kujua kwa nini mnunuzi kutoka Kongo huchagua gunia hili na kuliacha lile, masoko ndiyo yako. Aliyewaza mtaji ulikotoka asome fedha na benki.

Ujasiriamali nisingeufanya fani ya pili, kwa kuwa vyuo vingi huufundisha kama kozi ya wote, na utajikuta unarudia kuandika andiko la mradi lile lile.

Baada ya hapo pima uzito. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu huhitaji angalau krediti 360. Hivyo kozi ya krediti 12 inakudai saa 120, zikiwemo zile za kujisomea usiku, na alama zake zinaweza kuingia kwenye GPA yako, yaani wastani wa alama zako, sawa na za fani kuu. Muulize mkuu wa idara mambo matatu: kama kozi unayoitaka ina kozi tangulizi, maana usimamizi wa fedha bila misingi ya uhasibu ni njia fupi ya kupata sapu (mtihani wa marudio), kama ratiba yake haigongani na ya kwenu, na kama fani hiyo itaandikwa kwenye cheti au itaonekana tu kwenye orodha ya matokeo. Usitarajie pia kwamba kozi tatu za uhasibu zitakufanya mhasibu, kwani CPA, sifa ya mhasibu wa kitaaluma, hupatikana kwa mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu.

Dirisha la kubadili kozi huwa fupi. Kabla halijafungwa, keti kwenye vipindi viwili vya kwanza, kisha umwombe mwanafunzi wa mwaka wa tatu mitihani iliyopita, ujaribu swali moja wapo kwa kalamu na karatasi.