Kabla toleo halijaenda hewani: JVM hufanya nini maktaba ya C inapokataa kuanza

Programu nyingi za Java zinazopandishwa kwenye seva si Java tupu. Ndani ya zile jar, yaani vifurushi vya programu ya Java, mna vipande vya C na C++: Snappy ya kubana data, SQLite, RocksDB, au kile kipande cha Netty (maktaba ya mtandao) kinachozungumza na epoll, njia ya Linux ya kufuatilia miunganisho mingi, bila dalali. Vikianza vizuri hakuna anayejua vipo. Vikigoma, wengi hutarajia mashine pepe ya Java (JVM) iwe na jibu moja, na hapo ndipo wanapokosea. JVM haina jibu moja. Namna maktaba ilivyoitwa ndiyo inayoamua kama programu itakufa palepale, itarusha kosa, au itaendelea kimya kimya huku inakwenda polepole. Uamuzi huo ni wako, na uufanye mapema.

Kwanza hakikisha unajua maktaba inakwama hatua gani, maana hatua zipo tatu na zote huishia kwenye kosa la jina moja, UnsatisfiedLinkError. Ukiandika System.loadLibrary("picha"), JVM hulivika jina hilo nguo za mfumo uliopo: libpicha.so kwenye Linux, picha.dll kwenye Windows, libpicha.dylib kwenye Mac. Kisha hulitafuta katika folda za java.library.path. Likikosekana utaambiwa "no picha in java.library.path". Hilo ndilo rahisi kuliko yote, kwa hiyo tusilikalie.

Hatua ya pili ina fitina. Faili lipo, limeonekana, lakini mfumo endeshi unakataa kulifungua. Ujumbe unasema "cannot open shared object file: No such file or directory", nawe ukitazama kwenye folda unaliona faili limekaa pale pale. Usome ujumbe wote: faili linalokosekana mara nyingi si lako, ni lile ambalo lako linalitegemea. Kabla ya kupandisha, endesha ldd (amri inayoorodhesha tegemezi za faili) juu ya kila .so, na uiendeshe ndani ya kontena lile lile litakalokwenda kwenye seva. Kuiendesha kwenye kompyuta yako hakukwambii kitu. Alpine, kwa mfano, ni Linux inayopendwa kwenye kontena kwa wepesi wake, ila maktaba yake ya msingi ya C ni musl badala ya glibc. Maktaba iliyojengwa kwa glibc ikifika huko hulalamika kwamba haioni ld-linux-x86-64.so.2, na hakuna mpangilio wa Java utakaoitibu. Ama utafute maktaba iliyojengwa kwa musl, ama ubadilishe msingi wa kontena. Mimi hubadilisha msingi. Megabaiti chache zinazookolewa hazilingani na usiku wa kuhangaika.

Ndugu yake ni ule ujumbe kwamba toleo la GLIBC_2.34 halikupatikana. Huo unamaanisha maktaba ilijengwa kwenye Linux mpya kuliko ile inayoiendesha, na dawa yake ni kujenga kwenye ile ya zamani zaidi unayokusudia kuihudumia. Usanifu wa prosesa nao uutazame, hasa kama timu ina Mac za M1 na kuendelea, ambazo ni ARM, huku seva ni x86_64.

Kisha kuna /tmp. Maktaba nyingi husafiri ndani ya jar, na mfumo endeshi hauwezi kufungua .so iliyo ndani ya jar. Kwa hiyo hutolewa kwanza na kuwekwa kwenye folda ya muda, halafu hupakiwa kutoka huko. Seva zilizokazwa usalama huifunga /tmp kwa noexec, inayozuia faili za humo kuendeshwa, na kontena nyingine hazina hata ruhusa ya kuandika humo. Ukiona "failed to map segment from shared object", anza kuchunguza hapo. Andaa folda maalumu inayoandikika na isiyo na noexec, kisha uielekeze kila maktaba kwa kitufe chake: org.xerial.snappy.tempdir kwa Snappy, org.sqlite.tmpdir kwa SQLite, io.netty.native.workdir kwa Netty, jna.tmpdir kwa JNA. Ndiyo, kila mmoja na lake.

Hatua ya tatu ndiyo inayopotosha watu kuliko zote. Faili limefunguka, tegemezi zote zipo, na sasa JVM inaangalia kama ndani yake kuna kitendaji kinachoitwa JNI_OnLoad. Kikiwepo hukiita, nacho kinatakiwa kurudisha namba ya toleo la JNI (daraja kati ya Java na C) kinalohitaji. JVM isipoitambua namba hiyo huishusha maktaba kama vile haikuwahi kupakiwa, kisha hurusha kosa. Sasa fikiria mwandishi wa maktaba ameshindwa kufungua kifaa au kupata kumbukumbu. Kwa kawaida atarudisha JNI_ERR, ambayo ni hasi moja. JVM haijui habari za kifaa, inachokiona ni namba ya toleo isiyo na maana, na inaripoti hivi: "unsupported JNI version 0xFFFFFFFF required by" pamoja na njia ya faili. Watu husoma neno version, wakakimbilia kubadilisha JDK, wakarudi na kosa lile lile. Zile F nane ni hasi moja iliyoandikwa kwa heksadesimali. Toleo lako la Java halina kosa, ni maktaba yenyewe imesema imeshindwa kuanza, na sababu uitafute kwenye logi yake. Kama maktaba ni yako, usiishie kurudisha JNI_ERR. Rusha kosa la Java lenye maelezo kutoka ndani ya JNI_OnLoad kabla ya kurudi. JVM hulipitisha kosa hilo kama lilivyo, na atakayekuja baada yako atakushukuru.

Tazama pia mahali ulipoandika loadLibrary. Wengi huiweka kwenye bloku ya static ya klasi. Kosa la kwanza hutoka kamili, na UnsatisfiedLinkError yake na sababu yake. Baada ya hapo klasi imetiwa alama kwamba imeharibika, na kila atakayeigusa atapata NoClassDefFoundError yenye maneno "Could not initialize class". JVM haijaribu tena kuianzisha, hata kama umeshalirekebisha faili kwenye diski, mpaka mchakato uwashwe upya. Ukikuta logi imejaa NoClassDefFoundError, panda juu hadi kosa la kwanza kabisa, maana hayo mengine ni mwangwi tu.

Na kuna uwezekano kosa hilo la kwanza halikuandikwa popote. UnsatisfiedLinkError ni Error, si Exception, kwa hiyo catch (Exception e) inalipita. Likitokea ndani ya kazi iliyotumwa kwa submit kwenye ExecutorService, linahifadhiwa ndani ya Future, yaani kishikilia matokeo ya kazi hiyo, na kama hakuna anayeita get, limezikwa humo. Pakia maktaba mapema, kwenye uzi mkuu, mahali ambapo kushindwa kutaonekana.

Programu-jalizi za JVM yenyewe, yaani maajenti wa kupima kasi na kufuatilia, zina sheria nyingine kabisa. Ajenti wa C aliyewekwa kwa -agentpath au -agentlib huanzishwa na Agent_OnLoad, nayo ikirudisha chochote kisicho sifuri, JVM inakoma kabla main yako haijaguswa. Ajenti wa Java aliyewekwa kwa -javaagent, ambaye premain yake (kitendaji chake cha kuanzia) imerusha kosa, naye huangusha kila kitu. Kwenye Kubernetes hiyo ni CrashLoopBackOff, yaani kontena kuanguka na kuwashwa tena na tena, kwa sababu ya chombo cha kupimia, ilhali programu ni nzima. Ajenti yule yule akiunganishwa programu ikiwa tayari inaendeshwa, akishindwa katika Agent_OnAttach au agentmain, JVM inaendelea na kazi zake na kosa linarudi kwa aliyemwunganisha. Kwa hiyo ajenti mpya usimwingize kwenye seva zote kwa mkupuo. Ujue pia kwamba tangu JDK 21 kuunganisha ajenti kwa njia hii ya pili huleta onyo, na tangu JDK 24 matumizi ya JNI nayo huleta onyo hadi uruhusu kwa --enable-native-access. Ni maonyo tu kwa sasa, ila yajibu mapema.

Kushindwa kimya ndiko kunakonisumbua zaidi. Hadoop, mfumo wa kuchakata data nyingi, ikikosa maktaba yake huandika onyo la mstari mmoja, "Unable to load native-hadoop library for your platform", kisha hutumia klasi za Java badala yake. Kazi inakwenda, na baada ya muda mtu anauliza mbona kubana data kunachukua muda hivi. Hapo kuna amri ya hadoop checknative -a, inayoonyesha moja moja ipi imepatikana na ipi haipo. Kwa Netty uliza Epoll.isAvailable(), na ikijibu hapana, andika kwenye logi kile kinachorudishwa na Epoll.unavailabilityCause(). Kama huwezi kuishi bila hiyo kasi, tumia Epoll.ensureAvailability(), nayo itarusha kosa mwanzoni. Lugha ya Erlang imechagua ukali kwa kila mtu: kitendaji cha on_load kisiporudisha ok, moduli nzima inaondolewa. Java imekuachia wewe.

Mawili ya haraka. Kwenye Tomcat, seva ya programu za wavuti za Java, maktaba moja haiwezi kupakiwa na vipakiaji viwili vya klasi, na kila upandishaji huja na kipakiaji chake, kwa hiyo ukipandisha programu upya bila kuzima seva utakutana na "already loaded in another classloader". Jar inayopakia iweke kwenye lib ya Tomcat, si WEB-INF/lib. La pili, JNI_OnLoad ikigusa kumbukumbu isiyo yake, hakuna catch itakayokuokoa. Mchakato wote unakufa na kuacha faili la ripoti la hs_err_pid, kwa hiyo hakikisha linaandikwa mahali ambapo halifutiki pamoja na kontena.

Mwisho, ishindishe makusudi kabla haijashindwa yenyewe. Kubadilisha java.library.path hakutoshi kwa maktaba zinazotoka ndani ya jar, kwani hupakiwa kwa njia kamili ya faili. Elekeza java.io.tmpdir, pamoja na vile vitufe vya folda ulivyoviweka kwa kila maktaba, kwenye folda isiyoandikika, washa programu, kisha angalia mambo mawili: kosa limeandikwa wapi, na kipimo cha afya cha seva kinajibu nini wakati huo.