Nembo kwenye sweta na fulana: kudarizi na kuchapa penye baridi

Mteja akileta fulana na sweta zenye nembo ileile, usizifanyie kazi moja. Fulana ya pamba ichape kwa skrini. Sweta idarizi, kwa sababu manyoya yake hufunika wino, na ikivutika chapa hupasuka. Mbeya, Njombe na Mafinga sweta haziishi msimu, kwa hiyo tuanze na kudarizi.

Kosa kubwa ni kuivuta sweta ndani ya ringi, ile fremu ya kubania nguo kwenye mashine ya kudarizi, mpaka ikaze kama ngoma. Ikitoka, inarudi ilivyokuwa, lakini nyuzi za nembo hazirudi, na kifua kinabaki na makunyanzi ambayo hata pasi haiyaondoi. Ringi ibane kitambaa cha chini peke yake, yaani kile kinachowekwa chini ya nguo kushikilia nembo. Kipulizie gundi, kisha ilaze sweta juu yake bila kuivuta. Kwa sweta na fulana tumia kitambaa cha chini kinachokatwa kwa mkasi. Kile cha kuchanwa kwa mkono ni cha kofia na makoti magumu. Juu ya sweta weka plastiki nyembamba inayoyeyuka kwa maji, vinginevyo herufi zitazama kwenye manyoya.

Sindano iwe ya ukubwa wa 75/11, yenye ncha ya mviringo. Ile kali hukata uzi wa sweta, na tundu huonekana baada ya kufua mara chache. Herufi zisipungue milimita 8 kwenda juu. Kwenye fulana 5 zinatosha. Uzi ukikatika ovyo, badilisha sindano kwanza kabla ya kugusa skrubu ya kukaza uzi. Geuza nguo uangalie mgongo wa herufi: uzi wa chini uonekane katikati, kiasi cha theluthi moja ya upana. Ukijaa mgongo mzima wa herufi, jua uzi wa juu umekazwa mno au wa chini umelegea.

Sasa fulana. Wavu wa skrini wa 43T, yaani nyuzi 43 kwa kila sentimita, unafaa nembo nyingi. Paka emalshani, dawa inayogandishwa na mwanga, pande zote mbili, laza skrini chumba cha giza, upande wa kuchapia chini, na feni ikipuliza. Juni na Julai hapa ndipo kazi nyingi huharibika: dawa inashika juu lakini ndani bado mbichi, ukiosha inaondoka yote, na fundi analaumu mwanga. Usikimbilie kuichoma, yaani kuipiga mwanga. Ukitumia jua, jaribu kwanza kipande kwa sekunde 10, 20, 40 na 80, na rudia jaribio mawingu yakiingia, maana ukungu wa asubuhi na jua la saa sita si mwanga mmoja.

Kati ya skrini na nguo acha milimita 2 hadi 3. Vuta raba ya kusukumia wino ikiwa imeinama kidogo, kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Kingo za herufi zikivuja, wino ni mwepesi au umevuta mara nyingi mno. Kwenye fulana nyeusi, piga nyeupe, ikaushe juu juu, kisha piga tena.

Wino wa plastisoli haukauki kwa hewa hata ukiuanika wiki nzima. Unataka nyuzi joto 160 hadi chini kabisa ya tabaka la wino. Ukiwa wa baridi huwa mzito, ukoroge vizuri kabla ya kuumimina. Fulana iliyofyonza unyevu wa usiku hula moto kabla wino haujaupata, kwa hiyo ipige pasi kwanza. Ikishapoa, vuta chapa kwa vidole: ikipasuka, haijaiva, irudishe kwenye moto. Wino wa maji uache ukauke kabisa, halafu pasi juu ya karatasi ya kuokea, ukifuata muda ulioandikwa kwenye kopo.

Jezi nyekundu za poliesta zinataka tahadhari ya pekee. Moto ukizidi, rangi ya kitambaa hupanda na nembo nyeupe hugeuka waridi, mara nyingine baada ya siku kadhaa. Tafuta wino unaoiva kwa joto la chini na unaozuia rangi kupanda, na usiweke jezi za moto moja juu ya nyingine.